Farasi Bila Tandiko: Maswali Yenu na Majibu

Tangu niliposema kwenye safu iliyopita kwamba mwanafunzi wangu hapewi hatamu peke yake mpaka akae kwanza mgongo mtupu, yaani bila tandiko, maswali yamemiminika. Mengine ya kweli, mengine ya kunitania. Nimechukua haya.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Lamu, nimekulia juu ya punda, na mbio za Maulidi nimeshiriki. Sasa nimepata kazi ya kutunza na kupanda farasi kwenye hoteli ya Pwani ya Kusini. Si ni kitu kile kile tu?

Marahaba, mwanangu. Nusu ni ile ile, na nusu hiyo unayo tayari. Wenzako wa bara wanalipa pesa nyingi kujifunza kukaa juu ya mnyama bila kushikilia kitu, wewe umeipata bure ukipeleka mawe na maji kwenye vichochoro.

Nusu ya pili ndiyo ya kuangalia. Kwenye punda umezoea kukaa nyuma kabisa, karibu na matako yake. Ukikaa hivyo juu ya farasi, uzito wako unaangukia kiunoni, mahali ambapo uti wa mgongo hauna mbavu za kuusaidia, na wengi hujibu kwa kurusha miguu ya nyuma. Sogea mbele, ukae nyuma kidogo tu ya pale mabega yanapoinuka.

Halafu kuna woga. Punda akiogopa hugoma, anaganda pale pale mpaka aridhike. Farasi hukimbia kwanza, mengine baadaye. Kwa hiyo kile kijiti chako kiache nyumbani: farasi wengi wa kupandwa wanasikia mguso mdogo tu wa shavu la mguu wako. Na urefu ukumbuke. Punda wa kwenu mabega yake hukufika kiunoni au juu kidogo. Farasi wa kawaida ana mita moja na nusu au zaidi. Ukianguka kwa punda unachekwa. Ukianguka kwa farasi, mara nyingi kinachovunjika ni mtulinga au kifundo cha mkono, kwa sababu umenyoosha mkono kuzuia ardhi.

Kama matandiko yapo, kwa nini mtu ajitese? Raha yake hasa ni nini? (Mama Wawili, Arusha)

Mateso ni ya wiki ya kwanza tu, dada, na mengi yapo mapajani. Tandiko ni fremu ya mbao au ya kitu kigumu kingine, imevikwa ngozi na sponji. Linakukinga, na kwa kukukinga linakuficha mengi. Lishushe uone. Farasi akitembea mwendo wa kawaida, mguu wake wa nyuma wa kushoto ukija mbele, nyonga yako ya kushoto inashuka. Ukija wa kulia, inashuka ya kulia. Huwa nawaambia wanafunzi wafumbe macho, mimi nikiwa nimeshika kamba, wataje kwa sauti: kushoto, kulia, kushoto. Mwanzoni wanabahatisha. Halafu wanapatia, na hapo hata mabega yao yanalegea.

Mfuko wa nailoni ukipeperuka kwenye ua, utasikia misuli ikikaza chini yako kabla hajaruka. Ile nusu sekunde ina thamani kubwa. Na asubuhi za baridi za Julai, mama, joto la mgongo wa farasi ni neema peke yake.

Kingine ni kwamba huna vikuku, vile vyuma vya kukanyagia vinavyoning'inia kwenye tandiko, kwa hiyo kosa linaonekana papo hapo. Ukibana kwa visigino ili usianguke, yeye anaelewa umemwambia aongeze mwendo. Anaongeza, nawe unabana zaidi. Dawa ni kulegeza miguu na kukaa kwa uzito wako mwenyewe, jambo ambalo mwili uliojaa hofu haulitaki kabisa.

Wala si mtindo mpya. Wagiriki na Warumi wa kale hawakuwa na vikuku. Huko Uchina vinaonekana kwenye karne ya 4 BK. Mgiriki Xenophon, aliyeandika kuhusu farasi katika karne ya 4 KK, alishauri mpandaji asikae kama aliye kitini bali kama aliyesimama ametanua miguu. Mpaka leo sijaona maelekezo mafupi yanayoushinda ushauri huo. Na Wanumidia wa Afrika Kaskazini, maeneo ya Algeria ya leo, walisifika vitani wakipanda bila tandiko wala lijamu; walikuwa upande wa Hannibal, jemadari wa Carthage, alipowapiga Warumi pale Cannae, Italia, mwaka 216 KK.

Ubaya mdogo: suruali yako itarudi imejaa manyoya, imelowa jasho zito linalotoa povu kama sabuni, na harufu hiyo haitoki kwa kufua mara moja. Mume wako ataijua ratiba yako.

Samahani mwalimu, swali la kiume. Nilijaribu mara moja, siku mbili nikatembea kama bata. Nakosea wapi? (Bwana mwenye haya, Tabata)

Usione haya, bwana, kila mwanaume amepita hapo. Bila shaka uliteleza mbele ukakalia ule mfupa wa mabegani, kisha farasi akaingia mchakamchaka. Keti juu ya mifupa yako miwili ya makalio, usiinamie mbele, kitovu kikiwa kimerudi nyuma kidogo. Vaa nguo ya ndani ya kubana na suruali isiyo na mshono mnene katikati. Mchakamchaka uache mpaka uweze kutembea robo saa bila kushika nywele za shingo. Na chagua farasi mnene. Hawa wembamba wenye mgongo kama paa la nyumba waachie wenye tandiko.

Bila tandiko si ndiyo huruma zaidi kwa farasi? Hana mkanda tumboni wala mzigo wa ngozi. (Nairobi)

Hapa wapenzi wa mgongo mtupu hunikasirikia. Wataalamu wamepima kwa vitambuzi vya msukumo: bila tandiko, uzito wa mtu hukusanyika chini ya mifupa miwili ya makalio, karibu na uti wa mgongo. Tandiko linalomkaa vizuri huusambaza kwenye eneo pana. Kwa hiyo tandiko baya ni baya kuliko kukosa tandiko, lakini lililo zuri ni bora kwa safari ndefu.

Kuhusu uzito, wengi hufuata asilimia 20 ya uzito wa farasi, mtu pamoja na vifaa vyake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 uliwabebesha farasi asilimia 15 hadi 30, na kuanzia 25 misuli ilionyesha maumivu zaidi. Kwa ile asilimia 20, basi, farasi wa kilo 450 ni kilo 90. Mgongo mtupu mimi nashusha zaidi ya hapo, na dakika 20 zinatosha. Farasi mzee aliyetokeza uti wa mgongo simpandishi mtu hata mtoto.

Niliona video ya Italia, watu wanashindana mjini bila tandiko huku wanachapana. Ni kweli? (Bujumbura)

Kweli kabisa. Ni Palio ya Siena, tarehe 2 Julai na 16 Agosti. Mji una mitaa 17, kumi ndiyo hushindana kila mara. Uwanja wa Piazza del Campo humwagiwa udongo, wanauzunguka mara tatu, na kwa kama dakika moja na nusu kila kitu kimekwisha. Kwenye kona ya San Martino hutegwa magodoro, na yana kazi kweli. Ushindi ni wa farasi: akifika wa kwanza peke yake, mpandaji akiwa ameachwa chini huko nyuma, mtaa wake umeshinda. Farasi wamekufa pale na watetezi wa wanyama wanalalamika kila mwaka. Nami niko upande wao, ingawa ustadi wa wale wapandaji nauvulia kofia.

Mimi ni mfupi. Nitapandaje bila kikuku? (Kampala)

Simama juu ya ukuta mfupi, kreti au gogo. Hakuna aibu, na mgongo wa farasi unakushukuru, maana kumrukia na kumning'inia kunamvuta upande mmoja. Lala kwanza kwa tumbo, akitulia ndipo uvushe mguu.

Nimeona pedi laini zenye vikuku, bei nusu ya tandiko. Ninunue? (Muscat)

Pedi nunua, vikuku vitoe. Pedi haina fremu, hivyo ukikanyaga kikuku kimoja inazunguka mpaka tumboni nawe umenasa mguu, na ukikanyaga vyote uzito wote unakwenda kwenye mkanda mwembamba mgongoni. Pesa iliyobaki nunua helmeti ya farasi. Ya pikipiki haifai, nzito mno shingoni.