Kuua vifaranga dhaifu kwa hewa ya ukaa

Ndugu mfugaji, umeuliza kama ni ungwana kuwaua vifaranga wanaototolewa na miguu iliyopinda kwa hewa ya ukaa itokanayo na siki na magadi kwenye ndoo. Njia ya hewa ya ukaa inakubalika, lakini si kwa ndoo hiyo, kwa kuwa mchanganyiko huo haukupi namna ya kujua wala kudhibiti kiasi cha gesi. Inatakiwa itoke kwenye mtungi wenye regulata, yaani kifaa cha kudhibiti gesi inavyotoka.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kifaranga wa siku moja huistahimili gesi hii kuliko kuku mkubwa, kwani ndani ya yai, siku za mwisho kabla ya kuanguliwa, alikwisha kuizoea. Kiwango kinachomlaza kuku mzima humwacha yeye akitweta tu, na ndiyo maana hupendekezwa asilimia 80 hadi 90 ya hewa ya ndani ya chombo iwe gesi hii. Gesi ipandishwe polepole, maana ikikutana na unyevu wa pua na macho hugeuka asidi na kuwasha. Vifaranga wasirundikwe.

Wakishatulia, usikimbilie kuwafukia. Subiri dakika tano au zaidi, kisha umshike mmoja mmoja, uweke kidole kifuani usikilize mapigo. Niliwahi kumwona mmoja akifumbua jicho shimoni, na sijasahau.

Kama ni wawili au watatu tu, kuwavunja shingo kwa mkono uliofundishwa na daktari wa mifugo ni haraka zaidi.