Maswali ya wasomaji: Kalambo kwa gari ndogo, na mama mkwe hataki

SWALI: Kaka mhariri habari za kazi. Mi na wife tuko Morogoro, tunataka mwezi wa sita twende maporomoko ya Kalambo huko Rukwa halafu tuvuke tuone na Zambia kidogo. Gari yetu ni ndogo tu ya chini. Je, tunaweza kuvukia palepale kwenye maporomoko? Na mama mkwe anasema Sumbawanga sio pa kulala, wachawi wengi, tumjibuje? – Baba Junior

JIBU: Baba Junior salama kabisa. Nianze na mama maana huyo ndo anaweza kuifuta safari. Mwambie kwa heshima zote kwamba Sumbawanga watu wanalala gesti kila siku na asubuhi wanaamka wanaulizia supu, kinachowatesa wageni pale ni baridi, mji uko juu na Juni ndo yenyewe, kwa hiyo bebeni makoti ya ukweli sio visweta vya kupigia picha.

Mwezi mmechagua vizuri, mvua imeshakata njia imekauka na maji bado yapo, mkichelewa mpaka wa kumi mtakuta mto umepungua sana. Gari ndogo isikutishe, Tunduma mpaka Sumbawanga ni lami na kuendelea hadi Matai ni lami pia, vumbi ni kile kipande cha kwenda Kapozwa kijijini kwenye maporomoko, pale endesha taratibu. Maji yanaanguka zaidi ya mita 220 kwa mpigo mmoja, yaani Victoria yenyewe inaingia mara mbili na chenji inabaki. Kuna ngazi za kushuka mpaka bondeni, shukeni, ila mjue ni hizohizo mtakazopanda kurudi na magoti yenu.

Sasa kuvuka. Pale hapana. Mto Kalambo ndo mpaka wenyewe, mtawaona watalii wa Zambia ng'ambo mtapungiana mikono basi. Rudini Matai mshike njia ya Kasesya kwenye uhamiaji mgonge pasi, Mtanzania haombi viza Zambia, kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano bebeni. Gari ikivuka inataka kibali chake na bima ya COMESA, ile ya magari yanayovuka mipaka, mi ningeiacha upande huu.

Mkivuka nendeni Mbala, enzi za Mwingereza ikiitwa Abercorn, Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wao wa Afrika Mashariki kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, walisalimisha silaha pale 25 Novemba 1918, vita Ulaya vimeisha wiki mbili nyuma na wao porini habari iliwafikia kwa kuchelewa! Muulizie makumbusho ya Moto Moto. Na upande huohuo wa Zambia, juu kidogo ya maporomoko, watafiti walichimba magogo mawili yaliyochongwa yakaingiliana, mwaka 2023 wakatangaza yana miaka kama 476,000. Msitegemee kuyaona mtoni lakini, yalishatolewa.

Wamambwe na Walungu wako pande zote mbili, lugha moja, kwa hiyo kupotea sio rahisi, ukiuliza njia kwa Kiswahili cha polepole utaelekezwa.

Siku ikibaki teremkeni Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika badala ya kukimbilia Tunduma, kuna magofu ya boma la Mjerumani, halafu agizeni mgebuka wa kuchoma. Kwacha zikibaki badilisheni hukohuko mpakani, Morogoro hakuna atakayezitaka.