Bodi ni nzima, taa haiwaki: taja PICO_BOARD kwanza

Nilipotoka kwenye Raspberry Pi Pico ya kawaida, bodi ndogo ya kuprogramu, na kuhamia Pico W yenye Wi-Fi, nilianza na programu ambayo kila mtu huanza nayo: taa iwake, izime. Ujenzi ulifika asilimia 100 bila kosa. Nikashikilia kitufe cha BOOTSEL, nikachomeka waya wa USB, diski ya RPI-RP2 ikatokea, nikanakili faili la .uf2, yaani programu iliyokwisha kujengwa, ndani yake. Diski ikatoweka kama kawaida. Taa haikuwaka.

Nilibadilisha waya mara mbili, kisha nikaazima bodi nyingine. Zote zilikuwa nzima. Kumbe sikuwa nimeiambia CMake, zana inayoandaa ujenzi wa programu, kwamba najengea bodi gani. Usipotaja PICO_BOARD, yaani jina la bodi, SDK (maktaba na zana za kujengea programu za Pico) huchukua kuwa ni pico, ambayo taa yake iko kwenye pini ya 25. Kwenye Pico W taa imeunganishwa na chipu ya Wi-Fi, CYW43439, na pini ya 25 ni mojawapo ya zinazotumika kuwasiliana na chipu hiyo. Kompaila ingelalamika nini? Ilikuwa imejenga programu sahihi kabisa, ya bodi ambayo sikuwa nayo mezani.

Basi nikaandika mstari huu kwenye CMakeLists.txt, faili la maelekezo ya CMake, juu ya ule unaoingiza pico_sdk_import.cmake:

set(PICO_BOARD pico_w CACHE STRING "Bodi")

Bado giza! Hapa ndipo wengi hukwama. Neno CACHE maana yake ni kwamba thamani iliyokwisha kuhifadhiwa haibadilishwi, na folda yangu ya build, ambamo CMake huweka matokeo ya ujenzi na kumbukumbu zake (CMakeCache.txt), ilikuwa bado imeshika pico ya jana. Ukibadilisha bodi, futa folda yote ya build uanze upya. Usihangaike kurekebisha CMakeCache.txt kwa mkono.

Baada ya hapo niliunganisha maktaba ya pico_cyw43_arch_none, inayoendesha chipu ile ya Wi-Fi, nikaita cyw43_arch_init() kabla ya kugusa taa, na ikawaka.

Na ujenzi ukikupa faili la .elf tu bila .uf2, angalia kama umeandika pico_add_extra_outputs mwishoni mwa CMakeLists.txt.

Siku hizi kila bodi ina folda yake, na jina la bodi nalitaja palepale kwenye amri:

cmake -B build-picow -DPICO_BOARD=pico_w

Ya Pico 2 ni build-pico2, maana chipu yake ni RP2350 na .uf2 ya RP2040, chipu ya Pico na Pico W, haifanyi kazi humo.