Jibu: Amani kwa siku mbili bila gari binafsi, uanzie wapi?

Mkuu, hifadhi ya msitu ya Amani iko Usambara Mashariki, Tanga; usipitilize hadi Amani yenyewe, juu mlimani. Shukia Sigi, bondeni, kwenye geti la hifadhi. Mabasi kutoka Muheza ni machache na mara nyingi huondoka mchana, kwa hiyo fika Muheza asubuhi. Lipa kiingilio hapo getini Sigi na uchukue mwongozaji; njia zinagawanyika ovyo na vibao vingine vimeoza.

Pale Sigi tazama nyumba ya zamani ya stesheni. Wajerumani walileta reli hadi hapo kutoka Tengeni, hasa kubebea magogo. Kisha fuata mto: kwenye miamba yenye kivuli ndipo dughumishi wa mwituni (maua yaitwayo African violet kwa Kiingereza) huota. Usiwang'oe.

Siku ya pili panda Amani, kama kilomita 7 za mlima, uone majengo ya taasisi ya utafiti iliyoanzishwa 1902 na miti iliyoletwa kutoka sehemu nyingine. Mojawapo, Maesopsis eminii, imeivamia misitu ya asili.

Machi hadi Mei achana napo: udongo mwekundu huteleza mno na basi linaweza kukwama. Chomeka suruali ndani ya soksi, siafu hawana adabu. Na beba fedha taslimu.