Utawala wa mataifa ya asili Kanada: Yukon au Winnipeg?

Dada, umeuliza uombe wapi ukiwa na diploma ya maendeleo ya jamii. Yukon University, iliyopo Whitehorse katika jimbo la Yukon, kaskazini-magharibi mwa Kanada, ina shahada ya kwanza ya utawala wa wenyeji wa asili. Ya Chuo Kikuu cha Winnipeg ni ya uzamili, kwa hiyo iache kwanza. Tuma mitaala ya kozi ulizosoma, si matokeo tu, la sivyo hawatakuhesabia kitu.

Mataifa ya asili 11 kati ya 14 ya Yukon yanajitawala kwa mikataba yao, nje ya sehemu kubwa ya Sheria ya Wahindi ya 1876 (ndivyo bado inavyoitwa, ingawa inahusu wenyeji wa asili wa Kanada, si watu wa India). Soma mapema Mkataba Mkuu wa 1993 (Umbrella Final Agreement), ambao ndio msingi wa mikataba hiyo, hasa sura ya 11 ya matumizi ya ardhi na ya 16 ya samaki na wanyamapori.

Wengi hukwama kwenye utafiti. Kibali cha maadili cha chuo hakitoshi. Baraza la jamii nalo lazima liridhie. Liandikie miezi kadhaa kabla. Ukingoja kiangazi, watu watakuwa kwenye kambi za kuvulia samaki nawe utabaki na dodoso mkononi. Pia andikishianeni nani atatunza takwimu. Jamii nyingi hazikubali uondoke nazo.