Je, simu inaweza kuamua taka iende pipa lipi?

SWALI: Mhariri, mimi ni mlezi wa klabu ya mazingira katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Tunayo mapipa matatu: la taka zinazooza, la chupa na makopo tunayouza kwa kilo, na la mabaki yasiyo na mnunuzi. Wanafunzi huyachanganya kila siku, na mmoja wao amependekeza tupakue programu ya simu inayotambua taka kwa picha. Je, inaaminika?

JIBU: Mwalimu, inaaminika kwa kiasi, na kiasi hicho hutegemea zaidi picha zilizotumika kuifundisha kuliko ubora wa simu yenu. Programu ya aina hii huonyeshwa picha nyingi ambazo binadamu amekwisha kuzipa majina, ikajifunza rangi, maumbo na mng'ao unaoandamana na kila jina. Ikiletewa picha mpya, hutafuta jina linaloelekea kuifaa. Mkusanyo mmoja wa picha uliotumiwa sana na wanaojifunza kazi hii ni TrashNet, ulioandaliwa mwaka 2016 na Gary Thung na Mindy Yang wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani. Una picha 2,527 katika makundi 6: kioo, karatasi, kadibodi, plastiki, chuma na taka nyinginezo, na vitu vilipigwa picha juu ya ubao mweupe. Hakuna kundi la taka zinazooza, ambazo ndizo hujaza zaidi mapipa ya miji yetu, wala sidhani kama chupa iliyokanyagwa ikajaa tope la uwanja wa shule ingeonekana humo kama chupa.

Kasoro inayonisumbua zaidi ni kwamba nyingi ya programu hizi hazikufundishwa kusema "sijui". Iliyofundishwa makundi 6 itachagua moja kati ya hayo hata ukiielekezea kiganja chako, na mwanafunzi ataamini.

Kisha kuna jambo ambalo kamera ya simu hailioni kabisa, nalo ni plastiki yenyewe ni ya aina gani. Viwanda vikubwa vya kuchambua taka hutumia miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, kutofautisha plastiki, na hata hiyo hushindwa na plastiki nyeusi iliyotiwa masizi, kwa kuwa huifyonza miale. Ninyi mna kipimo cha bei nafuu zaidi: katakateni chupa ya maji na kizibo chake, mtumbukize vipande katika ndoo ya maji. Vya chupa huzama, vya kizibo huelea, kwa sababu ni plastiki mbili tofauti.

Ushauri wangu ni kwamba msipakue programu ya watu wengine, bali mfundishe ya kwenu. Teachable Machine, zana ya Google ya kuifundishia kompyuta kutambua picha, ni ya bure, hufanya kazi ndani ya kivinjari cha kompyuta, na haihitaji mtu ajue kuandika programu. Kabla ya picha ya kwanza, mwulizeni mnunuzi wenu anachukua nini na anakataa nini, maana kitu kile kile huweza kuwa mali kwa mnunuzi mmoja na uchafu kwa mwingine. Halafu pigeni picha za taka zenu pale pale penye mapipa, juani na kivulini, zikiwa safi na zikiwa chafu, nzima na zilizopondwa, kwa idadi inayokaribiana katika kila pipa. Ongezeni kundi la nne la vitu visivyohusika: mikono, ukuta, daftari, pipa tupu. Picha kadhaa ziwekeni kando bila kuifundishia, ili mwisho muipime kwa hizo. Ikifaulu zile ilizokwisha kuziona, hilo si jambo la kushangilia.

Mnunuzi akibadilisha masharti yake, itawabidi mpange picha upya na kuifundisha tena.