Programu ya muziki kuganda ukiifunga

Ndugu, kama muziki unapiga vizuri ila programu inaganda ukitaka kuifunga tu, mimi ningeanza kushuku viongezi (plugins), yaani vijiprogramu vya ziada vinavyoongezwa ndani yake. Wakati wa kufunga, programu huhifadhi orodha ya nyimbo na kusubiri kila kiongezi kimalize kazi yake. Kimoja kikiwa kinangoja intaneti, au folda iliyo kwenye kompyuta nyingine, programu nzima inagoma. Vizime vyote, jaribu kuifunga, kisha viwashe kimoja kimoja hadi umpate mchawi. Kwenye Linux ifungulie kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri). Inapoganda, soma mstari wa mwisho hapo, huenda ukaonyesha ilipokwama. Ila usizoee kuiua kwa nguvu (kwa amri ya kill -9): ukiikata ikiwa katikati ya kuandika, orodha yaweza kuharibika. Orodha hiyo itolee nakala kwanza.